Nyumba zipande juu, mabonde yabaki na mchicha

Wachuuzi wa mboga jijini Dar es Salaam wanaijua hesabu hii bila kuisomea chuo. Masika yakikolea na Mto Msimbazi ukafurika, matuta ya mchicha husombwa, fungu sokoni hupungua ukubwa na mama lishe hupunguza mboga kwenye sahani ya mteja. Maji yakishakauka, mkulima hurudi bondeni na mbegu zake. Kwa kuwa mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, soko hutulia mapema.

Hasara ya mafuriko, kwa hiyo, ni ya msimu. Hasara isiyorudi ni ile ya tuta kugeuka msingi wa nyumba, na hasara hiyo imekuwa ikiendelea kimyakimya kwa miaka mingi bila kuingizwa katika hesabu za mtu yeyote.

Sababu yake inaeleweka. Sensa ya mwaka 2002 ililikuta jiji likiwa na watu wapatao milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala, na wengi wao ni wapangaji wa chumba kimoja ambao mwenye nyumba huwadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anayesema jiji lisijenge nyumba za bei nafuu hajawahi kuzunguka na dalali kutafuta chumba.

Kosa linaanzia pale suala hili linapoelezwa kana kwamba ni ugomvi kati ya mkulima wa bustani na mpangaji, kwamba mmoja akipata lazima mwingine akose. Ukweli ni kwamba mara nyingi hao ni mtu mmoja. Anayemwagilia matembele bondeni alfajiri amepanga chumba Vingunguti au Kigogo, na amekipanga huko kwa sababu kiko jirani na bustani yake na jirani na soko. Bonde likijengwa anapoteza kazi kwanza. Chumba hufuata, kwa sababu nyumba mpya hupandisha kodi ya mtaa mzima.

Mboga zisizosafiri

Wapo wanaouliza kwa nini mchicha ulimwe mjini wakati Tanzania ina ardhi tele. Walime Bagamoyo au Mkuranga, wanasema, na mji uachwe uwe mji. Hoja hiyo ni nzuri kwa mahindi, vitunguu na viazi, mazao yanayostahimili lori na ghala. Kwa mboga za majani haina nguvu.

Mchicha uliong'olewa alfajiri huwa umenyauka mchana. Hakuna gari la baridi linalobeba mchicha wa mafungu madogo, na hata likiwepo gharama yake itakuwa kubwa kuliko bei ya mzigo. Ndiyo maana biashara yake imejengwa juu ya ukaribu. Mchuuzi huja bustanini, hununua tuta zima likiwa bado ardhini, huvuna mwenyewe, huosha, hufunga mafungu na kuyawahisha sokoni kwa baiskeli, bodaboda au kichwani. Mtaji wake ni mdogo na huuzungusha kila siku. Mtu wa namna hiyo, wengi wao wakiwa wanawake, akilazimika kulipa nauli ya kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, faida yake imekwisha kabla hajafungua tenga.

Watafiti wa miaka ya 1990 waliona kwamba sehemu kubwa kabisa ya mboga za majani zilizouzwa Dar es Salaam ilitoka katika bustani za majumbani na maeneo ya wazi ya jiji lenyewe. Jiji limeshakua zaidi ya mara mbili tangu wakati huo, lakini tabia ya mchicha haijabadilika.

Mlinzi asiyelipwa

Ukitaka kujua bustani hizi ziko juu ya ardhi ya nani, utashangaa. Ziko kingo za mito, chini ya nyaya kubwa za umeme, kando ya reli, ndani ya uzio wa taasisi na juu ya viwanja ambavyo wenyewe hawajavijenga. Karibu kote huko mkulima yupo kwa ridhaa ya mdomo. Mwenye kiwanja anafurahi kuwa naye, kwa sababu mtu anayelima kila siku huzuia wavamizi na watupa takataka. Kwa maneno mengine ni mlinzi asiyelipwa.

Siku mwenye kiwanja anapopata fedha, au siku kiwanja kinapouzwa, mlinzi huyo anaambiwa avune aondoke. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hata upotevu wa faida. Zimeandikwa vizuri. Lakini asiye na karatasi ya aina yoyote hawezi kudai ardhi, na zao la wiki tatu halimpi mthamini kazi kubwa.

Athari zake kiuchumi zinakwenda mbali kuliko machozi ya siku ya kufukuzwa. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hachimbi kisima, hapandi miti ya kuzuia ukingo usimomonyoke na hajengi mahali pa kuoshea mboga. Anachukua maji ya karibu, hata yakiwa machafu, na analima kinachoiva haraka.

Uchafu huo usifichwe. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na walikuta madini mazito ndani yake. Viwanda, machinjio, karakana na vyoo vya mitaa ya juu vimekuwa vikimwaga maji yake katika mito hiyo kwa miongo. Wanaotaka mabonde yajengwe huutumia ushahidi huo kama rungu: mboga ni chafu, waondoeni. Hawaulizi kwa nini anayechafua mto aendelee kukaa na anayekunywea mimea yake maji ya mto huo ndiye aondoke.

Somo la viwanja

Upande wa nyumba nako kuna hesabu ambayo haijafanywa vizuri.

Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam. Maeneo kama Mbweni, Bunju, Buyuni, Toangoma, Kibada na Gezaulole, ambayo mengi yake yalikuwa mashamba ya minazi, mihogo na miembe, yalipimwa. Ulikuwa mradi mkubwa na uliendeshwa kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Lakini viwanja vingi vilikuwa vikubwa, viliuzwa kwa bei ya kurudisha gharama, na walionunua hawakuwa wapangaji wa chumba kimoja. Baadhi ya viwanja vilikaa miaka bila tofali. Shamba likafa, nyumba isipatikane haraka, na mlalahoi akabaki palepale alipokuwa.

Linganisha na Sinza. Katika miaka ya 1970, chini ya mradi uliokopeshwa na Benki ya Dunia, viwanja vya Sinza vilikatwa vidogo, vingi vikiwa na takriban mita za mraba 288, yaani 12 kwa 24. Wapo waliovicheka. Leo Sinza ina vyumba vya kupanga, maduka, saluni, karakana na migahawa katika eneo ambalo kwa mtindo wa viwanja vikubwa lingebeba sehemu ndogo tu ya watu hao.

Chukua kalamu. Familia 1,000 zinahitaji viwanja, na asilimia 30 ya ardhi inatengwa kwa barabara, mitaro, shule na eneo la wazi. Kila familia ikipewa mita za mraba 1,000, zinahitajika takriban eka 353. Ikipewa 288, zinahitajika takriban eka 102. Tofauti ni eka 250 za mihogo, miembe na mboga ambazo zingebaki bila mtu yeyote kukosa kiwanja. Na hapo bado kila nyumba iko chini. Kiwanja cha 12 kwa 24 kikijengwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kinalaza kaya sita za wapangaji. Kikipandishwa ghorofa moja, kinalaza kumi na mbili, na hakuna tuta lililoguswa.

Mfano wa kupanda juu upo Magomeni. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa, wakazi wake wakasubiri kwa miaka huku wakihangaika, na Machi 2022 majengo ya ghorofa yakazinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Kusubiri kulikuwa kurefu mno na fedha ilikuwa ya umma, kwa hiyo haitawezekana kufanya hivyo kila mtaa. Lakini kaya hizo zilirudi mjini, hatua chache kutoka vituo vya mwendokasi, bila kuhitaji eka hata moja ya Kisarawe.

Kinyume chake ni Mabwepande. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na Serikali ikawapa waathirika wa mabondeni viwanja huko, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Nia ilikuwa njema. Lakini kibarua cha Kariakoo hakikuhamia Mabwepande, wala wateja wa vitumbua. Baadhi ya watu waliuza viwanja vyao na kurudi bondeni, na waliowaita wakaidi hawakupiga hesabu ya nauli. Nyumba ni ya bei nafuu pale tu kodi yake ikijumlishwa na nauli ya kwenda kazini bado inabaki fedha ya chakula.

Kinachowazuia wenye viwanja vya Manzese, Temeke au Buguruni wasipandishe ghorofa ni mtaji zaidi ya utashi. Mkopo wa nyumba ni ghali na benki inataka hati. Hata hivyo, tangu mwaka 2008 kuna sheria inayoruhusu watu kumiliki sehemu za jengo moja, kila mmoja na hati yake. Mjane mwenye kiwanja na nyumba iliyochoka anaweza kuingia ubia na mwenye fedha, akabaki na sehemu yake chini na mwenzake akachukua juu. Sheria hiyo inatumika zaidi kwa majengo ya watu wenye uwezo. Halmashauri ingeandaa mkataba wa mfano kwa Kiswahili, pamoja na michoro michache ya ghorofa moja na mbili iliyokwisha kupitishwa, ingewaokolea wenye viwanja hao gharama ambazo sasa zinawakatisha tamaa mapema.

Leseni ya bustani

Kuhusu bonde lenyewe, sheria haiko kimya. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi zinazoweza kutangazwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita hizo 60. Pamoja na sheria hizo zote mbili, nyumba zimejengwa hadi kwenye maji. Katazo peke yake halilindi ardhi. Ardhi tupu mjini hulindwa na mtu anayeamka kila siku akiitegemea.

Mtu huyo yupo tayari, naye ni mkulima wa mboga. Sheria hiyohiyo ya 1999 ilianzisha leseni ya makazi, ambayo wakazi wengi wa mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam walipewa katikati ya miaka ya 2000. Si hati kamili, lakini ilimtambua mtu kwa jina na mahali alipo. Kama mkazi wa Manzese alistahili leseni ya makazi, hakuna sababu ya maana ya kumnyima mkulima wa Msimbazi leseni ya bustani: miaka mitano, inayohuishwa, kwa ada ndogo kwa halmashauri.

Masharti yake yawe makali. Asijenge kitu cha kudumu. Aache ukanda wa matete au majani ya tembo kati ya tuta na mto ili samadi na dawa zisiingie majini. Maji yapimwe, na pale yanapoonekana mabaya apande maua, miche ya miti au majani ya ng'ombe badala ya mboga ya kuliwa. Akikiuka, leseni ifutwe. Anayejenga banda ndani ya eneo lake atakuwa na jina na namba, tofauti na sasa ambapo mvamizi hajulikani hadi nyumba ifike kwenye linta.

Ukubwa wa jambo lenyewe si mdogo. Kilomita moja ya mto, ikiwa na mita 60 kila upande, ni karibu eka 30. Ukiondoa nusu kwa ajili ya makorongo, mchanga na ukanda wa majani, zinabaki eka 15. Kwa robo eka kila mmoja, hao ni wakulima 60 kwa kilomita moja, na nyuma ya kila mkulima wapo wachuuzi wanaonunua kwake. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kulima hadi eka 3 mjini. Kwa bonde la Dar es Salaam robo eka inatosha, na kugawa zaidi ya hapo ni kumkaribisha mwenye fedha aje kuchukua bonde kwa jina la kilimo.

Watakuwepo wanaotaka bonde liwe bustani ya kupumzikia tu, yenye nyasi na mabenchi. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, una mpango wa kuligeuza bonde la chini, eneo la Jangwani, kuwa bustani ya jiji. Ni jambo jema, na Jangwani ndipo panapofaa. Nairobi wameonyesha kwamba eneo la kijani linaweza kujilipia: Msitu wa Karura, ambao hayati Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, leo unalipiwa kiingilio na wanaokwenda kutembea. Lakini Karura imezungukwa na vitongoji vya wenye nacho. Vingunguti kiingilio hakitalipa mshahara wa mlinzi. Mchicha utalipa.

Kisha kuna chanzo cha mto, vilima vya Pugu, Kisarawe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ukikatwa kwa mkaa, maji yote ya mvua hushuka kwa mkupuo, na hakuna leseni ya bustani itakayolizuia tuta la Tabata lisisombwe. Hilo linahitaji makala yake.

Kabla ya kukata 20 kwa 20

Pembezoni mwa jiji, Chanika, Msongola, Goba na kwingineko, anayeamua hatima ya ardhi ya kijani si waziri wala halmashauri. Ni mkulima mwenye eka zake mbili tatu, aliyefikiwa na dalali. Kawaida huuza vipande vya 20 kwa 20. Eka moja hutoa vipande kumi, na vyote kumi huuzwa, maana kuacha barabara ni kuacha fedha. Miaka mitano baadaye gari la maji taka halipiti, mvua inaingia sebuleni, na linapokuja zoezi la urasimishaji, waliojenga pembeni hubomolewa kuta ili njia ipatikane.

Si haki kumlaumu muuzaji huyo. Akiacha barabara peke yake anapoteza vipande vitatu katika kumi, na jirani yake asiyeacha anafaidi barabara hiyohiyo bure. Dawa yake ni kuuza kwa pamoja. Wenye mashamba wanne au watano wanaopakana, wenye jumla ya eka 12 kwa mfano, wakienda kwa afisa mipango miji kabla dalali hajaweka vigingi, mchoro mmoja unaweza kupitisha barabara mahali pazuri kwa wote, hasara ikagawanywa kwa uwiano wa eka za kila mmoja. Sehemu ya bondeni, ambayo mnunuzi mwenye akili haitaki, ikabaki kuwa bustani yao ya pamoja au ikakodishwa kwa wakulima wa mboga. Viwanja vilivyobaki vinauzwa vikiwa na namba, na kiwanja chenye namba na barabara hakiuzwi bei ya kiwanja cha kukadiria kwa hatua za miguu.

Gharama ya mpima ndiyo huwaogopesha wengi. Iwekwe kwenye makubaliano kwamba kiwanja kimoja au viwili vya kwanza vitauzwa kulipia upimaji, na makubaliano hayo yaandikwe na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa kabla mtu yeyote hajapokea fedha ya dalali.